Mizigo ya Darini

...na kwa nini mama alishukuru, hilo Silvanus hakulipatia jibu la hakika, si asubuhi ile wala miaka yote iliyofuata, alikuwa amelala kifudifudi juu ya ubao uliolazwa kwenye boriti mbili, tochi imefungwa kwenye paji la uso, barakoa inamrudishia pumzi yake mwenyewe, na mbele yake, futi mbili tu, lilikuwa limekunjwa vizuri sweta la sufu, la buluu nzito, lenye vifungo vya mbao, sweta alilolinunua yeye kwa mkono wake Oktoba ya mwaka 2001, akalitia kwenye mfuko wa nailoni na kubana kifuani karatasi yenye jina la mama yake na la kijiji, Uwemba, Njombe, na mama yake, Julai iliyofuata, kwenye simu ya jirani, alisema, "Kamwene, mwanangu, lile sweta limefika, zito kweli, nalala nalo," lakini sweta lilikuwa hapa ughaibuni, Oxon Hill, darini kwa Zefania, halijawahi kwenda popote, karatasi ingali kifuani, wino umefifia kidogo tu... sasa mama alilala na nini, na alimshukuru nani, "Silva! Buda! Ni-start machine ama?" hiyo ni sauti ya Gitau kutoka koridoni, chini ya tundu la dari, Gitau mwenzake wa kazi kwa mwaka wa nne sasa, ameegesha lori nje, amepitisha bomba nene mlangoni, koridoni, ngazini, mpaka humu darini ambako mdomo wake umelala kando ya goti la Silvanus kama mdomo wa mnyama anayesubiri kulishwa, na kule kwenye lori mashine imeshajazwa marobota ya karatasi iliyosagwa, ile ya kijivu, inayopulizwa juu ya silingi mpaka mkono uzame hadi kiwiko, "Ngoja kidogo," "Nangoja nini, na wewe umelala tu hapo kama mamba?" na Adela, mwenye nyumba, mjane wa Zefania, akacheka jikoni, akasema mwache shemeji yangu afanye kazi, wewe Gitau njoo unywe chai, "Chai gani hii, mama, mbona naona mpaka chini ya kikombe?" "Hiyo ndiyo chai, ninyi Wakenya mnapika maziwa, majani mnayaonyesha kwa mbali," na kicheko kikapanda kupitia nyufa za silingi, kwa sababu nyumba hii ya zamani, iliyojengwa wakati wa vita vya wazungu, haishiki kitu, si joto wala maneno, na ndiyo maana wameitwa, jana walikuwa uvunguni, wametambaa kwenye udongo wenye unyevu chini ya sakafu, wametandaza plastiki nzito, wameziba kingo, leo ni zamu ya dari, kazi ya siku moja, kazi aliyoifanya mara zisizo na idadi tangu aje huku, Woodbridge, Columbia, hata zile nyumba nyembamba za ndani ya jiji, joto la nyumba hutoka juu, alizoea kuwaeleza wenye nyumba, na moyoni aliona jiko la nyanya yake, moshi unavyopanda polepole na kupenya kwenye nyasi za paa bila haraka, bila kutafuta mlango, ndivyo joto linavyoondoka, huwezi kulikataza, unaweza kulichelewesha tu... na alipoingia saa moja iliyopita hakushtuka kuona nguo. Nyumba za zamani alishakuta zimetandikwa kila kitu, magazeti, maranda ya mbao, mara moja mablanketi ya jeshi, watu wakiona baridi huchukua kilicho karibu, akainua tabaka la juu, ile pamba ya vioo ya zamani iliyolala na kuwa nyembamba kama mkate wa jana, na chini yake, katikati ya boriti na boriti, akaona shati, suruali za shule, koti la mtoto, khanga, akawaza, Zefania naye, mtu mzima, kajaza mitumba darini, akatabasamu ndani ya barakoa, mpaka tochi ilipoangukia karatasi ya kwanza, mwandiko wa mtu mwingine, kwa Mama Wambura, Makambako, halafu ya pili, ya tatu, kila furushi na karatasi yake, hayakutupwa, yalipangwa, na ndipo alipofika kwenye la buluu na mikono ikasimama.

Kila mtu aliipeleka mizigo yake kwa Zefania mwaka ule, ilikuwa desturi, Oktoba kontena moja la wana-Njombe wote wa huku, unaandika jina, unabana kwa pini, unaacha kwenye gereji yake, naye Zefania, katibu wa chama, anahesabu, anafunga, anasindikiza hadi bandarini, mtu mwaminifu, msafishaji wa hospitali miaka ishirini, suti moja ya kahawia kwa harusi na kwa misiba, na mwaka ule, baada ya yale mashambulizi ya Septemba, mizigo ilikuwa inazuiliwa, inafunguliwa, inarudishwa, hilo Silvanus alilisikia wakati ule kwa sikio moja, labda kontena halikuondoka, labda ndivyo ilivyokuwa, na mtu aliyezoea kuaminiwa hajui pa kuanzia kusema sikuweza... Februari Zefania alitangaza mkutanoni kwamba mizigo imeshuka salama, na ilipofika kiangazi watu wakaanza kunung'unika, huyu anasema mama mkwe hajaona kitu, yule anasema viatu vya watoto havikufika, na jibu lilikuwa tayari, bandarini kuna wezi, kila mtu akaamini kwa sababu kila mtu aliwahi kuibiwa bandarini, ila mzee mmoja alikaza, alitaka kuona hati za meli, na hapo ndipo Silvanus aliposimama, anajiona mpaka sasa, shati jeupe, mkono umeshika kiti cha mbele, akasema, ndugu zangu, mimi sweta la mama yangu limefika, nimeongea naye juzi, analala nalo, yule mzee akakaa chini, mambo yakaishia hapo, na Zefania akamtazama. Mtazamo ule. Miaka sita ameubeba akidhani ni shukrani ya mtu aliyetetewa, na sasa, kifudifudi, misumari ya paa imechomoza juu ya kichwa chake, kila ncha na tone dogo la barafu, aliuona upya ule mtazamo, ulikuwa wa mtu aliyeambiwa maiti imefufuka, kwa sababu Zefania peke yake ukumbini alijua lile sweta liko wapi... alijiuliza nini Zefania usiku ule, alifikiri Silvanus anamdhihaki, au anajua na anamstahi, au alidhani ni muujiza, mtu anaweza kuishi miaka mingapi akiwa hajui kama amesamehewa au anawindwa.

"Mum, are they done? I need my stuff," hiyo ni Violet, binti yao, anaelewa kila neno la mama yake na hujibu kwa Kiingereza chake, miaka kumi na saba sasa, amezuiwa kuingia chumbani mwake tangu asubuhi kwa ajili ya vumbi, "Tulia, dari haikimbii," na Silvanus akashusha tochi, akatazama mahali alipolala, akapima kwa macho, ukuta wa nje kule, bomba la choo pale, hapa chini ni chumba cha Violet, na mafurushi mazito yote, masweta, makoti, mablanketi mawili, yalikuwa hapa, kule juu ya sebule kulikuwa na mashati tu na vinguo vyepesi, mtu alichagua, mtu alipima uzito kwa mkono, lililo zito juu ya kitanda cha mtoto, na akakumbuka alichosimulia Adela asubuhi alipokuwa akiwafungulia mlango, bila kuulizwa, kama wajane wanavyosimulia, kwamba Violet alikuwa na pumu, kwamba kuna majira ya baridi walikuwa wakimfunika na kila nguo ya nyumbani na bado anakohoa mpaka kunakucha, mafuta ya kupashia nyumba hayakutosha, halafu ndani ya wiki moja tu chumba kikawa na joto, "Zefania akaniambia ni Mungu, shemeji, na mimi nikasema amina, mtoto alilala," basi, ndiyo hiyo, Mungu mwenyewe alikuwa hapa darini akitambaa na tochi mdomoni, amechukua nguo za wazee wa Uwemba na Makambako akawafunika nazo wa kwake, na Silvanus akasubiri hasira ije, aliipa nafasi, akatega sikio aisikie ikipanda ngazi, mama yake alikufa Julai ya 2004, kichomi, Uwemba Julai majani ya asubuhi huwa meupe kwa umande ulioganda, hilo lilikuwa jambo la kweli na sweta lilikuwa jambo la kweli, aliyaweka mambo mawili pamoja, akayatazama, na hasira haikuja, kilichokuja ni kitu kikavu zaidi, alijiuliza tu, ingekuwa yeye, mizigo ya watu imejaa gereji, haiendi, haiwezi kurudishwa bila aibu, na mtoto anakohoa ukuta wa pili, angefanya nini.

Lakini mama. Alirudi kwa mama kama ulimi unavyorudi kwenye jino, kwa nini alisema limefika, labda Zefania alimpigia simu akamwomba, hapana, hakuwa na namba ya jirani, labda mtu mwingine alimpa sweta jingine akachanganya, hapana, mama hakuwa mtu wa kuchanganya vitu, alijua kila kuku wake kwa mwendo, labda alisubiri, alisubiri Desemba, Januari, kila basi, na mwanawe akauliza kwenye simu, mama, sweta limefika? na akaisikia ile sauti, sauti ya mtoto anayetaka kusikia ndiyo, na yeye akawaza... hapa Silvanus alifumba macho, mwanga wa tochi ukabaki mwekundu ndani ya kope... akawaza kwamba mwanangu hakutuma. Kwamba huko aliko mambo ni magumu, hana, ametaja sweta kwa sababu alitamani kulituma, na sasa ananiuliza kama limefika ili nimwokoe. Basi akamwokoa. Limefika, mwanangu, zito kweli, nalala nalo. Funika kombe mwanaharamu apite, alizoea kusema mama, hata kwa mambo madogo, chungu kikipasuka, jirani akiiba mahindi mawili, funika kombe, naye alifunika, alifunika vizuri mno, mwanawe akasimama ukumbini na kifuniko kile akakiweka juu ya Zefania, na Zefania akatandaza pamba juu ya nguo, na wote walikuwa na huruma, hilo ndilo lililomshinda, hapakuwa na mtu mbaya hata mmoja kwenye mnyororo ule wote, huruma juu ya huruma, na chini yake kikongwe anatetemeka Julai bila kumlaumu mtu.

"Shemeji!" Adela sasa yuko chini ya tundu kabisa, sauti imemwelekea juu, "unasikia baridi huko? Nikuletee kikombe?" "Hapana, shemeji, nashukuru," "Basi nisikilize kidogo, hii ya Jumapili, nimebadilisha mwisho," na karatasi ikasikika ikifunguliwa, maana Jumapili hii, Woodbridge, wana-Njombe wanakutana kumkumbuka Zefania, mwaka umetimia, wataanzisha mfuko wa nguo kwa ajili ya wazee wa nyumbani na kuupa jina lake, Adela atasimama kusema, tangu asubuhi ameshawasomea Gitau na Silvanus mara mbili, "nimeandika, Zefania hakumwacha mtu yeyote na baridi, au ni maneno makubwa mno?" "It's beautiful, Mum," alisema Violet, na Gitau akasema watalia, mama, mpaka mimi nitalia na simjui, "Shemeji? Ni makubwa?" "Nasikiliza," alisema, "nakusikiliza," mkono wake wenye glovu ulikuwa umefika kwenye taa, ile taa ya chumbani kwa Violet iliyozamishwa kwenye silingi, kopo la bati limechomoza huku darini, na kwenye kopo lile ulikuwa umelalia mkono wa koti, akauvuta taratibu, kitambaa kilikuwa kimekauka, hudhurungi, kama mkate uliosahauliwa kwenye moto mdogo, kikavunjika vidoleni, miaka sita binti amesoma chini ya taa hii, kila jioni joto likipanda kwenye bati, likiingia kwenye sufu, koti halijawaka, hakuna ajuaye kwa nini, na halina ahadi ya kutowaka. Basi kati ya kufunika yote na kutoa yote palikuwa na njia ya tatu, alikwishaiona, aliiona mara tu alipouona ule mkono wa koti, ungeweza kusafisha kuizunguka taa peke yake, ukajenga kisanduku cha bati kuikinga, ukamwambia Gitau washa, na nguo nyingine zote zikazama chini ya kijivu kwa nusu saa, mkaguzi akija huchomeka rula tu, akaandika kina, akashuka, hakuna mtu angepanda humu kwa miaka hamsini, Jumapili Adela angesoma karatasi yake na watu wangelia, Zefania angebaki na suti yake ya kahawia, na Silvanus angekaa safu ya tatu, mkono kwenye kiti cha mbele, akijua, ilikuwa njia nzuri, ilikuwa na huruma tele. Ni kwamba alikuwa fundi, na fundi wa kazi hii hufundishwa jambo moja kabla ya mengine, nalo alilisema kwa wenye nyumba mpaka likawa kama sala, usifunike kabla hujatazama, kilicholowa ukikifunika hakikauki, kinaoza na boriti yake, chenye moto ukikifunika hakizimiki, kwanza fungua, toa, ziba panapovuja, ndipo ufunike, na watu huchukia sehemu ile ya kutoa, hutamani uje tu na mashine upulize wapate joto leo leo, aliwaelewa, hata leo anawaelewa, na aliwakatalia wote bila kuinua sauti. Akamfikiria Adela akiambiwa. Akamfikiria Adela asiyeambiwa, akizeeka juu ya jambo ambalo watu wengine wanalijua kwa niaba yake, wakimstahi, wakimwambia limefika, mama, limefika, na mara hiyo akajua kwamba mwanamke mmoja, mama yake, alishastahi watu kiasi hicho, inatosha, kwamba angetoa chochote kama mama yake angemwambia kwenye simu ya jirani, wewe mtoto, sweta sijaliona, naona baridi. Angetuma jingine. Angeuliza. Angemuudhi Zefania, Zefania angelia, ingekuwa aibu ya wiki moja...

"Silva, kwani umelala kweli? Hii machine ni ya kukodi," Gitau, mdomo umejaa mkate, "niwashe?" bomba lilikuwa bado kando ya goti lake, limefungua mdomo, barafu ya misumari ilikuwa haijayeyuka, chai jikoni haikuwa imepoa, zilipita labda dakika saba tangu aone karatasi ya kwanza, na Adela alikuwa bado chini ya tundu na hotuba yake mkononi, akisubiri kuambiwa kama maneno ni makubwa mno, na Silvanus akavuta barakoa shingoni, akapumua vumbi la nguo za watu, akasema, "Usiwashe, Gitau. Niletee mifuko mikubwa, yote iliyo kwenye lori. Na wewe shemeji, shika ngazi, nashuka, kuna jambo nataka nikwambie nikiwa nimekaa," na hivyo ndivyo ilivyoamuliwa, na mtu mmoja, amelala kifudifudi, kwamba nguo zitashuka zote, kwamba Adela ataambiwa yote, na sehemu ya Silvanus ya mwaka ule ikiwemo, kuzishusha alizishusha Gitau, bila swali hata moja, hadi saa nane, kusema alisema Silvanus, kwa maneno machache, na Jumapili, kule Woodbridge, aliyesimama mbele ya watu wote na kuwaambia mizigo yenu haikwenda, iko kwangu, njooni mchukue, hakuwa Silvanus aliyekuwa amejitolea kusema, wala mwenyekiti, alikuwa Adela, na alisema akiwa amesimama wima, Violet kando yake.